Ngoma, Usiku na Haki ya Jirani

Ngoma ya watoto haikeshi, walisema wahenga. Methali hii hutumiwa aghalabu kuonyesha kuwa jambo lisilo na msingi halidumu. Lakini ndani yake mna habari nyingine ambayo wengi wetu twaipita bila ya kuiamkia, nayo ni kwamba ngoma ya watu wazima hukesha. Hukesha kwa haki yake, kwa saa zake na kwa watu wake. Mtu atakaye kusema juu ya kelele za usiku katika nchi yetu hana budi aanze kwa kukiri hivyo, kwani sisi ni watu wa mikesha. Twakesha arusini na matangani. Twakesha unyagoni na katika Maulidi. Twakesha makanisani usiku wa kuamkia Pasaka. Na mkulima wa bondeni hukesha juu ya dungu akipiga debe ili nguruwe mwitu wasiumalize mpunga wake. Hatujapata kusikia kwamba jirani alikwenda kumshtaki mwenye dungu.

Basi tujiulize: ikiwa usiku wetu haukuwa kimya tangu zamani, wananchi wa miji yetu wanalalamikia nini leo? Maana wanalalamika, hilo halina shaka. Wanalalamika Dar es Salaam na Mwanza, na wanalalamika katika miji midogo ambayo jana tu ilikuwa vijiji. Je, wamegeuka wakawa wageni katika utamaduni wao wenyewe, au ni kitu kingine kilichogeuka? Swali hili twalileta mbele ya walimu na wanafunzi kwa kuwa si la polisi peke yao, wala si la wapimaji wa sauti peke yao. Ni swali la maadili: mtu mwenye furaha anadaiwa nini na mtu asiyehusika na furaha ile?

Tuchukue mfano wa mahali pamoja tunapopafahamu. Mlabani ni kata mojawapo ya mji wa Ifakara, katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Bonde lile ni tambarare kubwa. Kaskazini-magharibi yake imesimama milima ya Udzungwa, na mto wenyewe hufurika wakati wa mvua hata mgeni akadhani ni ziwa. Waliokaa hapo tangu zamani ni Wandamba, Wambunga na Wapogoro pamoja na jirani zao Wabena na Wahehe. Baadaye wakaja wengine wengi: hawa wakifuata kazi ya miwa, hawa wakifuata reli ya TAZARA iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, hawa wakifuata ardhi ya mpunga na malisho, na wengine wakiwafuata wagonjwa wao katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo imeufanya mji ule ujulikane mbali. Mpunga huvunwa tangu Mei hata Julai. Ukiisha kuuzwa, fedha huingia mifukoni. Na fedha ikiingia mifukoni, arusi hupangwa. Ndipo kila mwisho wa juma turubai husimamishwa katika ua huu au ule, nyaya huvutwa, na vipaza sauti virefu kuliko mtu hupangwa vikielekea barabarani. Mkulima atakayeamka saa 10 alfajiri kwenda shamba, na mwanafunzi wa kidato cha nne anayeungoja mtihani wake wa Novemba, wote wamo katika mtaa ule ule. Na kati ya nyumba na nyumba ni hatua chache.

Ngoma kama sangula, inayojulikana sana miongoni mwa Wapogoro na jirani zao, ilikuwa na mipaka iliyotoka ndani yake yenyewe. Mpigaji alikuwa mtu, na mtu huchoka. Ngozi ya ngoma nayo ilikuwa na desturi zake: umande wa usiku ukiingia hulegea, sauti ikafa, ikabidi ngoma zipelekwe kando ya moto zikazwe. Sisi tuliokuwa watoto twazikumbuka zile nafasi. Ngoma zikiota moto, uwanja hunyamaza. Wazee huaga, wenye watoto wachanga huondoka, na aliye nyumbani kwake hupata usingizi ambao pengine hautakatika tena hata ngoma zirudipo. Hakuna sheria iliyoandika nafasi ile. Iliandikwa na ngozi ya mbuzi na umande.

Kipaza sauti hakina ngozi ya kuotwa moto. Umeme unaokiendesha hutoka katika maji ya mito ya pande zile zile, Kidatu tangu 1975 na Kihansi tangu 2000, na maji hayaombi kupumzika. Mpiga santuri, ambaye vijana humwita dijei, akichoka huacha nyimbo zijipige zenyewe akaenda kula wali. Hapa twaona kitu kilichogeuka. Zamani mwenye kupiga kelele aliilipia kelele yake kwa jasho lake. Leo jasho limeondolewa, na gharama iliyobaki yaangukia kwa asiyeshiriki.

Walimu wa fizikia watatusaidia kulieleza jambo hili kwa hesabu. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hicho si cha kujumlisha tu: ikizidi desibeli 10, nguvu ya sauti imezidi mara 10. Katika uwanja wa wazi, umbali ukizidishwa mara 2, sauti hupungua takribani desibeli 6. Tuseme basi kwamba kipaza sauti chatoa desibeli 100 kwa mtu aliye umbali wa mita 1, na hicho si kikubwa kama tunavyovijua vya arusini. Kwa mita 2 zitakuwa 94, kwa mita 4 zitakuwa 88, kwa mita 8 zitakuwa 82. Mwanafunzi na aendelee mwenyewe mpaka mita 128, ambapo aghalabu umekwisha kuingia mtaa wa pili, na ataona kuwa bado zimebaki 58. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilishauri kwamba sauti ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isipite 30. Kuta husaidia, lakini nani katika joto la Ifakara hulala madirisha yamefungwa? Tena usiku hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu yake, nayo sauti ikapinda kurudi chini badala ya kupotea angani. Ndiyo sababu mtu wa ng'ambo ya mto huusikia usiku wimbo ambao mchana usingemfikia.

Hata hivyo tusiharakishe kuitaja sheria kana kwamba ni dawa isiyo na historia. Wakati wa Waingereza, kanuni za miji ya Tanganyika zilitaka kibali cha mtawala kabla ya ngoma kupigwa mjini. Mtawala yule hakuwa na haja ya kujua ngoma ile ni ya jando au ya matanga. Kwake yote yalikuwa makelele ya wenyeji, na wasiwasi wake mkubwa ulikuwa mkusanyiko wa watu. Piano ya klabu ya Wazungu haikuitwa kelele. Kwa sababu hiyo, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, siku ya pili ya Jamhuri, akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi wa nchi hii walifundishwa kuijua rumba na chachacha ilhali wengi wao hawakupata kucheza gombe sugu, mangala wala kiduo. Kwa hotuba ile ngoma iliondolewa katika orodha ya fujo ikaingizwa katika orodha ya hazina. Kila atakayeandika kanuni ya kelele katika nchi hii na aikumbuke siku ile, asije akairudisha ngoma kule ilikotolewa.

Sheria za leo ni nyingi, wala hatutakaa nazo sana. Sheria ya vileo ya 1968 iliweka saa za kufungua na kufunga vilabu; sheria ya mamlaka za miji ya 1982 ilizipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo; Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ililikabidhi Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kazi ya kuzuia uchafuzi, na kanuni zilizotoka mwaka 2015 zikataja kelele na mitetemo kwa jina, zikitofautisha mchana na usiku, na makazi na viwanda. Mwaka 2023 Baraza lilifunga makumi ya baa na kumbi za starehe kwa sababu ya kelele, na mabishano yaliyofuata magazetini yalikuwa makali. Jambo moja la kushangaza kidogo: mgombea ubunge anayetaka kuwahutubia wananchi juu ya mustakabali wa nchi yao huambiwa anyamaze saa 12 jioni, lakini anayetaka kuwaimbia juu ya mpenzi aliyemwacha huweza kuendelea hata jogoo awike. Hatusemi mgombea aongezewe saa.

Hapa hatuna budi kusema jambo linalotuhusu wenyewe, ijapokuwa halitupambi. Kwa miaka kadhaa ya utumishi wetu tulikuwa karani katika ofisi moja ya wilaya, ambayo hatuitaji, na kazi mojawapo iliyotupitia mikononi ilikuwa kupiga chapa vibali vya shughuli za usiku. Mwombaji alikuja, akalipa ada. Tukaandika jina lake, mahali na saa. Mkubwa wetu akatia sahihi. Saa tuliziandika kwa ukarimu: kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hatukupata kuuliza ua wa mwombaji umepakana na nani. Jioni tulirudi katika nyumba za watumishi, mahali pasipopigwa ngoma, tukalala.

Miaka michache iliyopita mama yetu mzazi alitoka hospitalini Ifakara baada ya kupasuliwa, tukamweka Mlabani kwa ndugu yetu ili asiwe mbali na waganga. Usiku wa nne ilianza arusi katika ua wa pili. Hatukukasirika. Saa 4 na saa 5 tuliziitikia hata nyimbo. Ilipofika saa 8 za usiku mama alikuwa bado anatazama dari, na kila mdundo mzito ulipopiga alishika mshono wake kwa viganja viwili kama mtu anayezuia mlango. Tukatoka. Kijana aliyekaa penye mitambo alitupa shikamoo, akatusikiliza kwa adabu, kisha akatoa karatasi mfukoni. "Mzee," alisema, "sisi kibali tunacho." Tukaisoma kwa mwanga wa simu yake. Si sisi tulioiandika. Lakini maneno yalikuwa yale yale tuliyoyapiga chapa mara mamia, hata mpangilio wa mistari. Tulisimama pale tumeishika karatasi, hatuna la kusema, kwa maana hatukuweza kuikana bila ya kujikana.

Aliyetuokoa ni mama wa biarusi. Alikuja amejifunga kanga kiunoni, akauliza kuna nini, akaambiwa. "Mgonjwa? Nyumba ile pale? Jamani baba, mbona hamkutuambia?" Hakungoja jibu; alimwamuru kijana azime, akazima. Wanawake wakaendelea kuimba kwa makofi na vigelegele hata karibu na alfajiri, na mama akalala katikati ya vigelegele vile. Neno la yule mama lilituchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Siku nne tulikuwa pale. Turubai tuliliona likisimamishwa, wala hatukupita kuwaamkia. Nao kwa upande wao walikuwa na karatasi, kwa hiyo hawakuona haja ya kupita kwetu. Kulipokucha mama alituuliza, "Ilikuwa arusi ya nani?" Hatukuwa na jibu. Akatutuma tutafute kuku tupeleke.

Tangu siku ile tumelifikiri jambo hili hivi. Kibali kile kiliombwa kwa mtu asiyelala Mlabani. Mtu huweza kumpa mwenziwe kitu kilicho chake, au alichokabidhiwa na mwenyewe akigawe. Usingizi wa mtaa si mali ya ofisi, wala hakuna mkazi aliyepata kuupeleka ofisini ukagawiwe kwa ada. Ni mali ya wanaolala pale, mali ya wote kwa pamoja kama kisima kilivyo mali ya wote. Na anayetaka kuchota zaidi ya ndoo zake siku ya shughuli yake huwaomba wachotaji wenziwe. Hatuombi ruhusa ya kisima kwa mtu anayekunywa maji ya mbali.

Desturi za zamani zililijua hili bila ya kuliandika. Mwenye arusi hakuwa na haja ya kutoa tangazo, kwa kuwa jirani ndio waliomkatia kuni, waliomtwangia mpunga na waliomkopesha masufuria. Aliyekwisha kutwanga mpunga wa arusi haiiti arusi ile kelele. Na palipotokea msiba nyumba ya tatu, ngoma iliahirishwa. Halikuwa suala la kubishaniwa, na mwenye ngoma ambaye angeipiga siku ile asingepata mtu wa kumzikia wake. Hata baadaye, mabalozi wa nyumba kumi walipowekwa katika miaka ya 1960, mtu mmoja katika kila nyumba kumi alijua nani amejifungua na nani ana homa. Tusiyatie chumvi mambo ya zamani. Palikuwa na ulevi, palikuwa na magomvi, na palikuwa na wazee waliozipiga marufuku ngoma za vijana kwa wivu tu. Lakini aliyekosa usingizi alimjua aliyemkosesha, na aliyemkosesha alijua kuwa anajulikana. Leo turubai huletwa kwa gari na watu wa mji mwingine, mitambo ni ya kukodi, mshereheshaji ni wa kukodi, na kulipokucha wote wamekwenda zao. Ukitaka kunung'unika, utamnung'unikia nani?

Mtu aweza kutupinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema: mkiwapa jirani neno, mtawapa pia nafasi ya kuonea. Bonde la Kilombero sasa lina Wasukuma wengi, waliokuja na ng'ombe wao na majembe yao, na ambao habari zao na wakulima wa pale hazikuwa za amani sikuzote. Watu hawa wana ngoma zao, wana bugobogobo, wana mashindano ya kale ya Bagika na Bagalu. Je, jirani asiyempenda Msukuma hatasema kuwa ngoma ya Msukuma ni kelele, ilhali ya kwao ni utamaduni? Na mjane maskini aliyepanga chumba, ambaye hana ukoo mtaani, ataombwa na nani, au yeye akiomba atasikilizwa na nani? Na je, hatutakuwa tumemrudisha yule mtawala wa Kiingereza, safari hii akiwa na sura ya jirani?

Twakubali kwamba jambo hili laweza kutokea, na hatuna dawa yake kamili. Lakini twaona kuna maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Liko swali la kumwuliza jirani: waipenda ngoma yangu? Hilo hana haki ya kuulizwa, wala jibu lake lisizuie kitu. Liko jingine: katika nyumba yako yupo mgonjwa, yupo mfiwa, yupo wa mtihani, na saa ngapi inatosha? Hilo huulizwa Mpogoro na Msukuma kwa maneno yale yale, na jibu lake laweza kuonekana kwa macho. Mtu mwenye chuki hupata taabu kumzulia mgonjwa nyumba isiyo na mgonjwa. Na yule asiye na ukoo, hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa aonyeshe kazi yake, kwani hakuchaguliwa kwa ajili ya mihuri peke yake.

Wengine hutupinga kwa upande mwingine, wakisema ya nini haya yote, usiku uwe kimya tu, mtu atakaye kelele aende ukumbini. Waandishi wa kale wa Kiyunani walisimulia juu ya mji wa Sybaris, uliokuwa kusini mwa Italia ya leo, kwamba wenyeji wake waliwakataza wahunzi kufanya kazi mjini, na majogoo pia wakakatazwa kufugwa, ili watu walale kwa raha. Walisimuliwa kwa kuchekwa. Kumbi ni za wenye fedha, na katika mji kama Ifakara arusi nyingi hazina ukumbi ila ua wa baba wa biarusi na nusu ya barabara. Ukisema ukumbini tu, umesema maskini waoe kimya. Isitoshe, kimya cha sheria huwa na tabia ya kulinda mitaa mikubwa kwanza: gari la kupima sauti hufika upesi panapokaa wenye simu za wakubwa, na Mlabani hufika likishachoka. Jirani aliyepigiwa hodi mchana hahitaji gari lile.

Kuna pia wanaopata riziki kwa usiku, nao ni wengi: wenye mitambo, mama wa chipsi, vijana wa singeli, waendesha bodaboda. Riziki yao yaheshimiwe. Lakini riziki haijapata kuwa hoja ya kuchukua cha mwenzako bila ya kumwambia. Na mambo ya ibada, yaani mikesha ya vipaza sauti na mihadhara ya usiku, twayaacha kwa wenye dini wenyewe. Tunachoongeza ni kwamba hatujamwona Mwislamu wala Mkristo aliyeambiwa kuna mgonjwa mahututi nyumba ya pili akajibu kuwa Mungu hasikii bila ya mitambo.

Limebaki jambo la baa, nalo hatuwezi kulitatua kwa kuku. Arusi ni ya usiku mmoja, na mama wa biarusi alikuwapo, ana uso, ana masikio. Baa ya wazi iliyo kati ya nyumba hupiga usiku huu na kesho na kesho kutwa. Mwenyewe hulala kwingine, na aliyemwacha pale hana amri ya kuzima. Hapo desturi haina mtu wa kuishika mkono, na twasema bila ya kusita kwamba hapo ndipo kanuni za 2015 na kipimo cha desibeli vinapostahili kutumika kwa ukali, na saa za leseni zisomwe kama zilivyoandikwa. Mwenye baa akiambiwa hivyo hupenda kutukumbusha kuwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni methali nzuri, ila amesahau kuuliza ziwa ni la nani, na nani alitangulia kuwamo.

Kuhusu shughuli za usiku mmoja, tumetoa shauri letu kwa maandishi mahali panapohusika, na twalirudia hapa kwa faida ya vijana ambao kesho watakaa katika viti tulivyokalia. Kibali kitolewe, lakini kisitolewe kabla mwombaji hajazunguka nyumba zinazopakana na ua wake, akarudi na majina ya wenye nyumba na neno la kila mmoja, hata kama ni neno moja tu, na saa ya kuzima mitambo ikatoka katika maneno yale wala isitoke katika ukarimu wa karani. Tuliambiwa kwamba fomu haina nafasi ya maneno hayo. Fomu ile twaijua. Ina mstari wa jina, wa mahali, wa shughuli, wa saa na wa ada, na chini yake imeachwa nafasi tupu ya upana wa vidole vinne kwa ajili ya muhuri. Muhuri wenyewe, tulioupiga kwa mkono wetu miaka mingi, haukupata kuzidi vidole viwili.